Duka la jumla Kigoma: tutengenezewe mfumo wetu au tununue uliopo?

StooMwanga:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Ni duka la jumla, Mwanga hapa Kigoma mjini, lenye tawi Kasulu na ghala dogo Kibirizi zinakopakilia boti. Tunauza saruji, sukari, unga, sabuni, mafuta ya kula na vinywaji, na kwa msimu tunanunua mawese na dagaa. Bidhaa zote ni kama 640. Watakaotumia mfumo ni 8. Kwa sasa ni kauntabuku na Excel, na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, iko peke yake haijaunganishwa na chochote.

Mezani kuna ofa mbili:

A. Watengenezaji wa programu kutoka Dar. Wanatujengea mfumo wetu wenyewe kwa 18,000,000, miezi 4, na wanataka asilimia 60 kabla ya kuanza.

B. Mfumo uliopo tayari wa kulipia kila mwezi. 45,000 kwa mtumiaji mmoja, na 2,500,000 mara moja kwa kuufunga na kufundisha watu.

Tunachohofia kwa B: wateja wa Kongo na Burundi huja na dola au faranga, kwa hiyo tunataka kila bidhaa iwe na bei mbili. Pili, tunatoa mali kauli kwa wenye boti, mzigo unaondoka leo na hela inarudi safari inayofuata. Tatu, vipimo: katoni, dazani, pisi, na mawese kwa dumu au kwa kilo. Nne, intaneti ya Kasulu ikikatika mauzo yasisimame. Tano, risiti za mamlaka ya kodi, TRA.

Bosi anaegemea A. Anasema ukilipa mara moja umemaliza. Mnaonaje?

---

Mhasibu_Ujiji:

Mkuu, hilo la kulipa mara moja ukamaliza lirekebishwe kwanza, maana ndilo linalobeba uamuzi wote. Mfumo wa kutengenezewa ni kama boti. Siku unayoishusha majini ndiyo siku gharama za kuitunza zinapoanza.

Waliomo kwenye kazi hii hukadiria matunzo kuwa asilimia 15 hadi 20 ya bei ya ujenzi kwa kila mwaka. Chukua 20: ni 3,600,000. Mwaka wa kwanza tuseme uko ndani ya dhamana, basi minne inayobaki ni 14,400,000. Seva ya kukodi kwa 100,000 kwa mwezi, miezi 60, ni 6,000,000. Jumlisha na 18,000,000 za mwanzo: miaka mitano ni 38,400,000.

Ofa B: 45,000 mara watu 8 mara miezi 60 ni 21,600,000. Ongeza 2,500,000. Jumla 24,100,000.

B nayo ina miba yake. Kila mtumiaji mmoja anayeongezeka ni 2,700,000 kwa miaka hiyo mitano, kwa hiyo pitieni tena orodha ya wale 8. Mtu anayehesabu mifuko ghalani mara moja kwa wiki anaweza kuandika kwenye karatasi iliyochapwa na keshia akaingiza. Na ulizeni kama bei imefungwa kwenye shilingi au ni dola iliyobadilishwa. Ikiwa ni dola, bajeti yenu itayumba pamoja nayo.

Sasa hilo la bei mbili. Mkuu, simamisheni hapo. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 28, 2025 zimekataza kutangaza bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Mkongomani akisimama kaunta Mwanga, bei ni shilingi na malipo ni shilingi. Dola zake akabadilishe benki au kwenye duka la fedha lenye leseni. Mteja aliyeko Kalemie, Kongo, anayeagiza na kulipa kwa benki kutoka huko ni biashara ya nje, hiyo ina utaratibu wake, mkae na benki yenu. Lakini kitufe cha bei ya dola kwenye kaunta msikilipie hata senti, kwa A wala kwa B. Mtengenezaji aliyekubali kukijenga bila kuuliza chochote hakuchunguza biashara yenu, alinakili orodha yenu tu.

Kuhusu vipimo, mfumo wowote wa maana wa stoku unabadilisha vipimo. Kinachoharibu ni jinsi mnavyousajili. Kipimo cha msingi kiwe kile kidogo kuliko vyote mnavyouza. Ukisajili sabuni kwa katoni ya 24 halafu ukauza pisi, kila pisi ni katoni 0.0417. Uza pisi 24, mfumo unatoa katoni 1.0008. Ukiwa umeweka desimali mbili ndiyo mbaya zaidi: 0.04 mara 24 ni 0.96, katoni imeisha rafuni lakini kwenye mfumo imebaki. Baada ya miezi mitatu mtamshuku keshia bure. Msingi uwe pisi, dazani iwe 12, katoni 24. Na amueni mapema, kwa sababu mifumo mingi haikubali kubadilisha kipimo cha msingi bidhaa ikishaanza kuuzwa.

Mawese yasajilini kwa kilo. Dumu la lita 20 ni kama kilo 18, lakini madumu hayajazwi sawa. Yapimeni yanapoingia na yanapotoka, na dumu liwe jina la chombo tu. Dagaa nao hupungua wakizidi kukauka, hivyo pawe na sababu ya marekebisho iitwayo "kunyauka" iliyo mbali na "kuharibika" na "kupotea". Zikichanganywa tatu hizo, hamtajua faida imeliwa na jua au na mtu.

---

FundiMifumo_KGM:

Mhasibu amemaliza ya hesabu. Mimi nagusa intaneti, risiti na bekapu, kwa sababu hapo ndipo mifumo ya kujengewa haraka huvunjika.

Kwanza, chaguo si mbili. Kuna la tatu: programu huria, yaani ya bure na ya wazi kwa wote, mnayoiweka kwenye mashine yenu wenyewe na kumlipa fundi wa kuipanga. ERPNext haina ada ya mtumiaji na uhasibu wote umo ndani. Odoo toleo la Community nalo ni bure, ila uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. Kwenye la bure mnapata ankara, stoku na kaunta. TallyPrime ni ya kulipia, inakaa kwenye kompyuta ya Windows, haihitaji intaneti kuuza, na wahasibu wengi wanaijua. Zote tatu zina vipimo zaidi ya kimoja na ghala zaidi ya moja. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: kati ya mambo yenu matano, lipi halimo kwenye programu iliyokwisha kutumiwa na maelfu ya maduka? Mimi naliona nusu ya moja, nalo ni la boti.

Intaneti. Msiridhike na jibu "inafanya kazi bila mtandao". Ulizeni: mauzo yanahifadhiwa wapi mtandao ukiwa haupo, na nini kinaweza kuyafuta? Kaunta ya Odoo, kwa mfano, huendelea kuuza na kuweka mauzo ndani ya kivinjari mpaka mtandao urudi. Keshia akifuta data za kivinjari katikati ya hapo, mauzo yamekwenda. Basi kompyuta ya Kasulu iwe ya kuuzia tu, akaunti ya keshia isiwe na ruhusa ya kubadilisha mipangilio, na ruta iwe na laini za mitandao miwili tofauti.

Jambo ambalo hakuna mfumo utakaoliweza: mtandao ukikatika, Kasulu haijui Mwanga imekopesha nini leo. Mteja mmoja anaweza kukopa Mwanga asubuhi na Kasulu mchana, akavuka kikomo chake mara mbili. Wekeni sheria: mtandao haupo, Kasulu inauza taslimu tu. Mali kauli ingoje.

Umeme. Mkiweka seva dukani, kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 16 na SSD ya GB 512 inatosha watumiaji 8. UPS, kile kifaa cha umeme wa akiba, ya 1000VA yenye betri mbili za 12V 7Ah hubeba Wh 168 kwa maandishi. Toa upotevu, hesabu 100. Seva, ruta na swichi pamoja hula kama wati 60, mnapata zaidi ya saa moja betri zikiwa mpya. Printa ya leza msiichomeke kwenye UPS hiyo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuizima. Betri zibadilishwe kila miaka miwili au mitatu hata kama taa bado inawaka kijani.

Risiti za TRA. Mfumo unaweza kutoa risiti wenyewe kupitia VFD, yaani EFD iliyo programu, badala ya mashine, lakini kiunganishi hicho kina kanuni kali. Kila risiti ina namba ya mfululizo wa siku na namba ya mfululizo wa jumla, inatiwa saini ya kidijitali, na kila siku inafungwa kwa ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku. Namba ya jumla hairudi nyuma wala hairudiwi. Sasa fikirini: diski imekufa saa nane mchana, fundi anarudisha bekapu ya jana usiku. Mfumo unadhani risiti ya mwisho ni ile ya jana, unaanza kutoa namba ambazo TRA wanazo tayari. Mtengenezaji mgeni wa VFD hawazi jambo hili mpaka siku linapotokea. Dawa ni kuhifadhi hesabu ya namba mahali pengine nje ya seva kila risiti inapotoka, na kuilinganisha kabla ya kufungua kaunta baada ya kurudisha bekapu. Kwa ofa yoyote, swali liwe: nioneshe duka jingine ambalo tayari linatoa risiti za VFD kupitia mfumo huu leo. Akijibu "tutaunganisha", hiyo ni kazi ambayo haijafanyika.

Tena viwango vya kodi visiandikwe ndani ya programu. Kila Julai 1 Sheria ya Fedha mpya huanza kutumika. Kama kubadilisha kiwango ni lazima umpigie aliyeandika programu, mtakuwa mnamtafuta wiki ile ile anayotafutwa na wateja wake wote.

---

MsimboNaKalamu:

Nakubaliana na wenzangu kwa sehemu kubwa ila naona wanakwenda mbio kukataa ujenzi. Kujenga si kosa. Kosa ni kujenga upya kitu ambacho kila duka duniani linacho: ankara, stoku, daftari la wadeni. Kinachostahili kujengwa ni kile ambacho mshindani wenu hana. Na kwenu, biashara ya boti ndiyo hiyo.

Lakini kabla ya kumwita yeyote, jibuni swali moja: boti ikizama na mzigo ukiwa ndani, hasara ni ya nani?

Kama ni ya mwenye boti, basi mmeuza pale pale Kibirizi. Risiti inatoka siku ya kupakia, stoku inapungua, na jina lake linaingia kwenye wadeni. Kila mfumo unafanya hivyo.

Kama ni yenu, hamjauza bado. Yeye ni wakala, mzigo bado ni mali yenu ulioko ziwani. Hapo mnaunda ghala jingine kwenye mfumo, liitwe "Njiani", mnahamisha mzigo humo kwa hati ya kutolea yenye jina la boti na tarehe, na mauzo yanaandikwa anaporudi na hesabu. Kinachorudi hakijauzwa kinarejeshwa Kibirizi.

Wengi huchanganya zote mbili kwa mteja mmoja, ndipo deni linapogombaniwa. Hakuna programu itakayowaamulia. Andikeni kwa kila mwenye boti yuko upande gani, asaini. Taarifa zao mnazohifadhi, namba za simu na nakala za vitambulisho, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo zisikae kwenye simu ya kila keshia.

Baada ya hapo, kinachobaki kujengwa ni kidogo: ripoti moja inayopanga madeni kwa boti na kwa safari badala ya kwa tarehe pekee, na ujumbe wa simu wa kumkumbusha mwenye boti. Inasoma taarifa kutoka kwenye mfumo mkuu kupitia API, mlango wa programu moja kuongea na nyingine, na haiandiki chochote ndani yake. Ikiharibika, duka linaendelea kuuza. Hiyo ni kazi ya wiki tatu hivi kwa mtu mmoja, si miezi minne.

Mkijenga, kidogo au kikubwa, haya yawe kwenye mkataba. Malipo ya mwanzo yasizidi asilimia 20. Yanayofuata yafuate vipande vilivyokabidhiwa na kutumiwa dukani, na 20 ya mwisho ibaki mpaka ufungaji wa hesabu za mwezi mmoja kamili upite bila kasoro. Asilimia 60 mbele inawaacha bila nguvu ya kudai. Msimbo chanzo uwekwe tangu siku ya kwanza kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya duka, na haki zake zihamishiwe kwenu kwa maandishi. Jina la tovuti na seva visajiliwe kwa jina la duka. Nywila kuu iwe kwenye bahasha, kabatini kwa bosi.

Mambo matatu mtakayompima nayo mtengenezaji bila kujua programu: mwambieni afute mauzo ya jana. Yakifutika yakapotea kabisa, mkatae. Mauzo hugeuzwa kwa ingizo la marejesho lenye jina la aliyefanya na saa. Halafu kompyuta mbili ziuze mfuko wa mwisho wa saruji kwa sekunde ile ile, mmoja akataliwe. Kisha ankara ya mistari 30 yenye punguzo la asilimia 7: jumla ya mistari na jumla ya chini zilingane mpaka shilingi. Zikipishana, kuna kasoro kwenye jinsi fedha zinavyohifadhiwa au desimali zinavyokatwa, na hilo litibiwe kwenye mzizi, si kwa kiraka.

---

StooMwanga:

Asanteni sana wakuu. Bosi amesoma. Swali la boti tumelijadili mchana huu na tumegundua kati ya boti 11 tunazokopesha, 4 hatukuwahi kukubaliana chochote. Habari ya dola tumeelewa, tunaiondoa kwenye orodha.

Sasa tukitaka kujaribu B na hiyo ERPNext kabla ya kulipa, tujaribu vipi? Wauzaji wanakuja na mifano yao inayopendeza.

---

Mhasibu_Ujiji:

Msikubali mifano yao. Chukueni kauntabuku yenu, siku 10 za mwezi uliopita, zikiwemo siku moja ya mauzo makubwa na siku moja iliyokuwa na vurugu za marejesho. Keshia wenu, si mtu wao, aziingize zote kwenye kila mfumo.

Katika hizo siku 10 pawemo: katoni iliyouzwa nusu, mteja aliyelipa sehemu kwa Lipa Namba na sehemu taslimu, mzigo uliohamishwa Mwanga kwenda Kasulu ukafika pungufu, boti moja ya aliyenunua na moja ya wakala, na ankara iliyokosewa jina. Pimeni sekunde za kumaliza mauzo ya bidhaa tano. Ikizidi dakika moja na nusu, Jumamosi foleni itafika barabarani na keshia atarudi kwenye daftari kimyakimya.

Mwisho wa siku ya 10 toeni ripoti tatu: stoku, wadeni, na fedha kwa kila njia ya malipo. Zilinganisheni na zile za mkono. Tofauti yoyote itafutwe mpaka ijulikane imetoka wapi, hata ya shilingi 500. Mara nyingi mtakuta mfumo uko sawa na kauntabuku ndiyo yenye kosa, na hilo nalo ni vizuri kulijua.

Kisha muombe taarifa zenu zote zitolewe kwa faili la CSV au Excel: bidhaa, wateja, kila ankara na kila malipo, si jumla tu. Lifungueni mlione. Ofa B ikishindwa hapo, iacheni, kwa sababu siku mtakayotaka kuhama mtaanza na karatasi.

---

FundiMifumo_KGM:

Naongeza jaribio la bekapu. Siku ya 11, fundi aiweke bekapu kwenye kompyuta nyingine tupu mbele yenu na afungue ankara ya siku ya 7. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu. Nakala moja ibaki dukani, nyingine iende nje ya jengo kila usiku, ikiwa imefungwa kwa nywila.

---

StooMwanga:

Na tarehe ya kuanza? Bosi anataka Jumatatu ijayo.

---

Mhasibu_Ujiji:

Jumatatu ni mapema mno. Bidhaa 640 zenye majina ya Excel lazima zisafishwe kwanza. Mtakuta "sukari 25", "Sukari kg25" na "sukari mfuko mdogo" ni kitu kimoja. Watu wawili, siku nne hivi.

Anzeni tarehe 1 ya mwezi. Jioni ya siku ya mwisho fungeni duka saa kumi, hesabuni mali Mwanga, Kasulu na Kibirizi kwa pamoja, watu wawiliwawili, mmoja anahesabu na mwingine anaandika, halafu wabadilishane kwa bidhaa 30 za bei kubwa. Madeni ya boti yaingizwe ankara moja moja na tarehe zake za zamani, msiweke jumla. Ukimwandikia mwenye boti deni la 9,400,000 kwa mstari mmoja, siku atakayokuja kulipa 2,000,000 na kusema ni ya safari ile ya mwezi wa tatu, hamtakuwa na pa kuiandika. Na zile boti 4 zipate karatasi kabla ya tarehe hiyo.